Siku Niliyomfunga Kamongo Mgongoni

Kuna mwendesha boda mmoja pale Kabalagala, karibu na saluni ninaposuka nywele, kila nikipita ananiuliza, "Nnalongo, pacha wa pili ameota meno?" na stendi nzima inacheka, kwa hiyo heri nijiseme mwenyewe kuliko kusemewa: ndiyo, mimi, mama mzima niliyemaliza fomu foo, nilimfunga samaki mgongoni kwa leso ya mtoto, nikaapa mbele ya basi zima la watalii kwamba nimemzaa.

Chanzo ni mama mkwe. Mimi ni Mkenya wa Bondo, ng'ambo ya ziwa hili hili, na mume wangu Denis ni Muganda. Miaka miwili ya ndoa, mama yake hajawahi kuonja sufuria yangu. Akija kwetu Nsambya anakuja na matoke yake ndani ya hotipoti, anakula huku ananitazama, halafu ananinyang'anya mtoto wangu Tendo kana kwamba nimemuiba. Denis akasema atatupatanisha: akatukatia tiketi za basi lile la ghorofa mbili lisilo na paa, linalozungusha watu ufukweni, kutoka Ggaba hadi bandari ya Port Bell. "Mtembee, mzungumze, jioni Maama ale kwetu." Yeye akabaki nyumbani (wanaume wakitaka amani huwatuma wanawake wakailete).

Mazungumzo yapi? Maama alipanda juu na Tendo, akaketi kiti cha mbele kabisa. "Wewe mukamwana shuka chini," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi, maana marehemu mumewe alikuwa askari. "Hujui kushika mutoto. Upepo ataingia kifua." Basi nikatalii chini peke yangu, nimenuna, naangalia ziwa kupitia kioo kilichojaa alama za vidole.

Port Bell tukapewa dakika ishirini. Kiongozi wa msafara, kijana wa kofia nyekundu, akatangaza kwa maiki, "Samaki ni marufuku ndani ya basi! Hata dagaa!" Na mimi hapo hapo mwaloni nikamwona kamongo mnene, mweusi, urefu wa mkono wangu. Kwetu mgeni wa heshima hapikiwi maharagwe, anapikiwa kamongo. Nikasema leo, leo huyu mama ataacha hotipoti. Na msinione mjinga, najua kila ukoo wa Waganda una kitu chake ambacho hawali. Ukoo wa Denis ni panzi, ndiyo maana senene hawaingii nyumbani kwangu. Nikajua nimekagua.

"Huyu amekufa kabisa, mama," muuzaji, Mkongomani mmoja mcheshi, akaniapia. "Nimemupiga nyundo tatu." Nikamviringisha kwenye mfuko, nikamfunga mgongoni na leso ya Tendo (na mimi ni mtoto wa ziwa, nimeona kamongo akikesha kwenye ndoo kavu na asubuhi bado anakutazama, lakini hasira haina kumbukumbu).

Kofia nyekundu alikuwa mlangoni akihesabu watu. "Nnyabo, ulikuja na mtoto mmoja, na yuko juu na bibi yake. Huyu ametoka wapi?"

"Mapacha," nikasema. Neno lilitoka lenyewe.

Jamani. Kwa Waganda mama wa mapacha si mtu wa kawaida, ni Nnalongo. Kijana akainama kunisalimu, kisha akatangaza kwa maiki, na abiria wakapiga vigelegele, mmoja akanipa biskuti, mwingine soksi za mtoto, wakaanza nyimbo za mapacha ambazo siwezi kuziandika hapa kwa sababu zina mambo ya kitandani. Basi likaondoka, na kwa zile ngoma za viganja, pacha wangu akaamka.

Kwanza alijinyoosha. Kisha akanipiga mkia kiunoni. Mama aliyeketi nyuma yangu akasema, "Huyu ana nguvu!" akafunua leso ambariki, akakutana na kile kichwa. Mayowe yake nadhani yalifika Entebbe. Leso ikafunguka, kamongo akaanguka katikati ya basi, akaanza safari yake kuelekea kwa dereva, watu wakapanda juu ya viti.

"Toa hii samaki!" kofia nyekundu akafoka. "Wakenya nyinyi ni taabu tupu! Shuka nayo hapa hapa, barabarani!"

"Si una mikono? Itoe wewe!"

Akanyoosha mkono, akaurudisha. Wakati huo Maama alikuwa ameshuka ngazi na Tendo kifuani. Akamtazama kamongo. Akanitazama mimi.

"Nani ameleta?"

"Mimi, Maama. Nilitaka kukupikia."

"Unipikie ndugu yangu?"

Hapo ndipo nilipotamani ziwa linimeze. Kumbe kwao mwanamke haachi ukoo wa baba yake hata akiolewa mara kumi. Panzi ni wa Denis na baba yake. Wa Maama ni kamongo. Nilimnunulia ndugu yake, nikamtembeza mgongoni, nikapokea na biskuti zake.

Kofia nyekundu akanong'ona, "Hata mimi, nnyabo, ni wa kamongo. Ndiyo maana siwezi kushika."

Maama akamgeukia polepole. "Kumbe wewe ni mutoto yetu! Na unataka kutupa ndugu yako kwa lami, kwa hii jua? Na unatukana mukamwana yangu mbele yangu? Wewe nani alikulea?" Kijana akavua kofia. "Rudisha gari kwa ziwa."

Basi likageuzwa. Lakini nani ambebe? Wa ukoo wake hawamgusi, na waliobaki walikuwa bado juu ya viti. Nikajifunga leso kiunoni, nikamkamata nyuma ya kichwa kama nilivyofundishwa Bondo, nikashuka naye hadi majini, Maama nyuma yangu, basi zima likinipigia makofi na ule wimbo mchafu kuliko wote. Kamongo akazama bila asante.

Nyumbani nilikuwa na maharagwe tu na ugali. Maama akaifungua hotipoti, akaichungulia, akaifunga. "Leta ya kwako." Akala, akaongeza, Denis mdomo wazi. Wakati wa kuondoka alinifunga Tendo mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo. "Huyu ndiye wako. Angalia vizuri."

Nimeapa: mgongoni kwangu hakitapanda tena kitu nisichokizaa, na nikitaka kumpikia mtu nitamuuliza yeye, si mwanawe. Na yule wa boda leo nimemjibu. Pacha wa pili, nimemwambia, alizaliwa na meno yote. Lete kidole uone.