Rangi Kisimani

Miaka ya sabini, nikiwa bado msichana, niliajiriwa katika ofisi ya maji ya Kisumu. Nilikuwa nimetoka milimani, upande wa Nyeri, na Kijaluo changu kiliishia kwenye salamu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya visima na mito, kuyapima, na kusema kama yanafaa kunywewa. Niliiona kazi nyepesi mpaka nilipotumwa kwenye kiwanda kimoja cha sukari, katika tambarare za mashariki ya mji.

Kiwanda kilimwaga maji yake machafu katika bwawa lililochimbwa nyuma ya mitambo. Maji hayo yalikuwa meusi kama chai iliyochemka kutwa, na harufu yake ilikuganda hadi kwenye nywele. Chini ya bwawa, ng'ambo ya shamba la miwa, palikuwa na boma lenye kisima. Mama wa boma hilo ndiye aliyeleta malalamiko. Alikuwa wa rika langu, ila uso wake ulikuwa umechoka kuliko wangu. Alinichotea maji kwenye kikombe, akanishikisha.

"Nusa," akasema. "Nikipika ugali, inanuka. Nikifua, nguo inanuka. Kwa kiwanda wananiambia ati ni choo yangu."

Choo chake kilikuwa mbali, tena mteremkoni, chini ya kisima. Lakini meneja wa kiwanda alishikilia kwamba udongo wa pale ni mfinyanzi mtupu, haupitishi hata tone. Nilimwambia kuwa kiangazi udongo huohuo hupasuka nyufa za kumeza mguu. Akacheka. Mwishowe mkubwa wangu akaamua tutie rangi bwawani, rangi ya kijani isiyodhuru mtu, ambayo huonekana hata ikichanganyika na maji mengi. Ikitokea kisimani, ubishi umekwisha. Meneja alikubali upesi. Alikuwa na hakika.

Mtu aliyetusaidia kukoroga rangi ile kwa mti mrefu alikuwa mume wa mama yule. Kazi yake kiwandani ilikuwa kufungua na kufunga bomba la maji machafu, na mshahara wake ndio uliomjengea nyumba ya mabati.

"Hii maji haiwezi kufika kwangu," aliniambia. "Hiyo kisima nilichimba mwenyewe. Ardhi yake naijua."

Niliwaonya wasinywe maji ya kisima kwanza, wakawa wanachota mtoni, mwendo mrefu. Kila juma nilirudi kutazama. Maji yalinuka, lakini rangi haikuonekana, na nikaanza kumwamini mume yule. Kisha mvua za masika zikanyesha.

Asubuhi niliyofika baada ya mvua, mama alikuwa amesimama kisimani na ndoo miguuni. Alinielekeza ndoo kwa kidole. Niliinama nikatazama. Maji yalikuwa ya kijani, yaking'aa juani, mazuri kabisa kwa macho. Nakumbuka furaha iliyonipanda, furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. Haikudumu. Mume alitoka nyumbani, bado amevaa nguo za kazi, akaja akasimama juu ya ndoo, akaitazama muda mrefu. Kisha akageuza macho kwenye tuta dogo la udongo kando ya boma. Nilikuwa nimelipita mara zote hizo bila kuuliza.

"Dada," akasema, "mtoto wetu aliharisha mwaka jana, akafa. Ni hii maji?"

"Sijui, Baba."

"Lakini wewe unapima maji."

"Napima yaliyomo leo. Yale ya mwaka jana siwezi kuyapima."

Mkewe alisema neno kwa Kijaluo, polepole, bila kumwangalia. Sikulielewa, wala sikuomba nielezwe. Mume alijibu kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka nami nisikie.

"Mimi ndiye nafungua hiyo bomba. Kila siku. Mimi."

Mkubwa wangu alipeleka matokeo kiwandani. Meneja hakubisha tena. Aliahidi bwawa jingine, mbali na watu, na kwa muda trekta likawa linaleta tangi la maji safi bomani. Kisha likaacha kuja. Bwawa jipya halikuchimbwa. Mume aliomba ahamishiwe kwenye mizani ya miwa, akakataliwa, akaendelea na bomba lake, kwa sababu watoto waliobaki walihitaji kula.

Mara ya mwisho nilipopita, nilimkuta peke yake akijaza kisima mawe. Mkewe alikuwa amewachukua watoto akaenda kwa wazazi wake, upande wa Kisian, ambako kuna chemchemi.

"Watarudi lini?" nikauliza.

"Warudi kunywa nini?"

Aliinua jiwe jingine. Nikaweka chupa zangu chini, nikamsaidia kubeba, mpaka dereva wa ofisi aliponipigia honi.