Mpimaji na Vitunguu Vyake

Mama Ema hakulala. Binti yake mjamzito alikuwa akinywa dawa ya mizizi ambayo Mama Ema mwenyewe alimchemshia, na majibu ya dawa ile, aliyompelekea mpimaji siku chache kabla, yangetoka asubuhi. Kulipokucha alimkuta mpimaji huyo nyuma ya duka la dawa, Makambako, ndani ya sweta lake la mtumba, akipasha bilauri kwa viganja kabla ya kuketisha vitunguu juu ya dawa za watu ili viote mizizi. Huvisemesha kama anayembembeleza mgonjwa ale.

“Dawa ikidhuru vinasaba, mama, mizizi ya kitunguu huonyesha.”

Akachukua kitunguu kilichoota katika dawa ya Mama Ema, akajifungia na hadubini. Hapendi kutazamwa. Mlango ulipofunguka, alifuta mikono kwa muda mrefu.

“Binti aache kuinywa leo. Na wewe usijilaumu. Mwambie tu kitunguu kimekataa.”