Maua Mbele, Mboga Nyuma

Mwaka ule mdogo wangu alipofariki, mama aliacha kusuka vikapu. Mtoto alikuwa na miezi minane, akashikwa na kichomi msimu wa baridi, na kabla ya wiki kwisha tukawa tumemzika. Kiondo ambacho mama alikuwa amekifikisha nusu alikitundika kwenye msumari juu ya kitanda, nyuzi zikining'inia kama ndevu za mahindi, na hakukigusa tena. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alipika, akafua, akaniitikia nilipomwita. Lakini jioni mikono yake ilikaa bure mapajani, na mimi, mtoto wa miaka kumi, niliiogopa mikono ile kuliko kilio.

Tuliishi Thika, kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda ambako baba alikuwa mpakiaji. Chumba kimoja, na mbele ya mlango kipande cha ardhi kisichotosha kulaza ng'ombe. Hapo ndipo lilipokuwa shamba letu. Madebe ya mafuta ya taa yaliyotoboka, sufuria zisizo na matako, karai lililopasuka, vyote mama alivijaza udongo akapanda vitunguu na mboga za majani kama managu, terere na kunde. Hata baada ya msiba aliendelea kuzimwagilia, maana ilikuwa lazima tule.

Likizo ya Aprili iliyofuata, baba aliamua niende Ruiru kwa tata, dada yake, aliyekuwa akifua nguo katika nyumba ya mzungu mwenye shamba la kahawa. Siku zile za Hali ya Hatari hukutoka mji mmoja kwenda mwingine bila kibali. Baba alikipigia foleni tangu asubuhi hadi ofisi ikafungwa, akarudi kesho yake, ndipo tukapanda gari la moshi.

Mvua zilikuwa zimeanza. Asubuhi ya tatu niliamka nikakuta kahawa yote imechanua, mlima na bonde, nyeupe tupu, na harufu yake imeingia hadi ndani ya blanketi. Nilisimama mlangoni bila viatu. Sikuwa nimewahi kujua kwamba kitu cha kazi, kitu ambacho watu wangu walikichuma migongo ikiwauma, kingeweza kupendeza namna ile. Nilichukua kaa la jikoni nikajaribu kulichora tawi moja kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Tata alipoona, hakunigombeza kwa kuchafua mikono. Alisema tu, "Maua yameshikana na tawi. Wewe umeyatundika hewani."

Siku ya kuondoka alinipa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na viazi vitano vyembamba, mfano wa viazi vitamu. Mtunza bustani wa pale alikuwa amevifukua na kuvitupa vilivyozidi.

"Ni maua haya," tata alisema. "Yanaitwa dalia. Mpe mama yako."

Nilifika nyumbani nikiwa na kiu. Nikaweka kitambaa karibu na jiko, nikakimbilia bomba la laini, na huko nikanogewa na hadithi za wenzangu. Niliporudi, baba alikuwa ameketi na sahani ya viazi vya kuchemsha mbele yake, akitafuna polepole.

"Viazi vya Ruiru vimekuwaje?" alimuuliza mama. "Havina utamu. Vimejaa maji."

Nilitazama kitambaa. Kilikuwa kimefunguliwa.

"Baba, usile! Hayo ni maua!"

Baba akaacha kutafuna. "Nimekula maua?"

"Dalia! Tata ametuma tupande!"

"Haiya," mama akasema. Kisha akamtazama baba, shavu moja likiwa bado limejaa, akacheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Tangu mazishi sikuwa nimeisikia sauti ile, na baba pia hakuwa ameisikia, kwa sababu alimeza kile kilichokuwa mdomoni kisha akachukua kingine makusudi, ili mama aendelee kucheka.

Kiazi kimoja, kidogo kuliko vyote, kilikuwa kimebaki kwenye mkunjo wa kitambaa. Tulikipanda katika debe lililokuwa karibu zaidi na mlango.

Baridi ilipoanza, kikatoa ua. Lilikuwa jekundu, tabaka juu ya tabaka, kubwa kama kisahani. Mama aliweka kigoda mbele yake akakaa. Kesho yake akakaa tena. Siku ya tatu aliniita.

"Wewe wa makaa. Nichoree hili. Lakini usilichore zuri, lichore lilivyo."

Nilichora mara nne kabla hajaridhika. Ndipo alipokishusha kiondo kutoka kwenye msumari, akafumua mizunguko michache ya mwisho, akaanza kupima kwa vidole mahali ua litakapokaa. Jirani yetu, mama Mkamba ambaye naye alikuwa msusi hodari, alikuja akainama juu ya mchoro wangu.

"Magome ya kuchemsha hayatakupa rangi hiyo, dada," alisema. "Hiyo inataka uzi wa sufu."

Mama aliinuka. Aliingia ndani, akavuta sanduku la chini ya kitanda, akatoka na sweta ya mtoto. Ilikuwa nyekundu. Aliishika kitambo, kisha akatafuta ncha ya uzi shingoni kwa meno, akaivuta. Jirani alikaa chini bila kuambiwa, akanyoosha mikono miwili, na mama akauzungusha ule uzi kwenye mikono ile, mzunguko kwa mzunguko, hadi sweta ikaisha. Mimi nilisimama kando, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama akilia waziwazi huku mikono yake ikifanya kazi.

Kiondo kilikuwa hakijamalizika alipokuja msimamizi wa laini. Alisema madebe yanafuga mbu na panya. Yote yaondolewe kabla ya wiki kwisha.

"Ila hili ua liache," akaongeza. "Linapendezesha mahali."

Mama alisimama, nyuzi zikamdondoka. "Bwana, ua haliliwi na mtoto. Ukiondoa mboga, ondoa na ua."

"Nimesema mboga, mama. Nitarudi."

Usiku ule sikulala vizuri, lakini asubuhi mama alikuwa ameshaamua. Alikata machipukizi ya ile dalia akayapandikiza kwenye makopo, moja moja, akayapanga mstari mbele. Jirani alileta maua ya manjano ya kando ya barabara, akayapanga mbele ya mlango wake. Vitunguu, kunde na terere vilirudishwa nyuma, kwenye ukuta.

Wiki iliyofuata msimamizi alirudi. Akatazama majani yale machanga.

"Haya yote ni maua?"

"Yatakuwa maua," mama alijibu.

Akavua kofia, akajikuna kichwa, akachungulia nyuma ya makopo. Harufu ya vitunguu haifichiki. Nilishika sketi ya mama. Msimamizi akavaa kofia yake. "Basi yamwagilieni," akasema, akaenda. Kufikia Krismasi karibu kila mlango wa laini yetu ulikuwa na maua mbele na mboga nyuma.

Kiondo chenye ua jekundu mama alikibeba kwenda kanisani, na wanawake wakaanza kumwomba awasukie. Kila mmoja alitaka ua lake, nami nikawa mchoraji. Mkaa ulipoisha nilitumia kijiti na majivu. Mama hakuniruhusu kuchora nisichokiona, hivyo nilishinda nimechuchumaa kati ya madebe, nikitazama shuke la terere, jani la kunde, na kitunguu kilichosahauliwa hadi kikatoa ua lake la mviringo.

Mwaka wa mwisho wa shule ya msingi tulifundishwa kutarizi. Mwalimu aligawa karatasi zenye michoro ya waridi tuige. Mimi nilitarizi ua la kitunguu, kwa uzi mweupe na wa kijani.

"Hiki ni nini?" aliniuliza.

"Kitunguu, mwalimu. Kimetoa ua."

Darasa likacheka. Yeye akakigeuza kitambaa, akakagua mishono ya nyuma kwa muda mrefu, kisha akakibandika ukutani kati ya mawaridi.

Muhula ulipoisha nilikileta nyumbani nikijivuna. Mama alikipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Kizuri," alisema. "Lakini bua la ua la kitunguu limevimba hapa chini kidogo, halinyooki hivi. Njoo ulitazame."

Tukatoka nje, tukainama pamoja.