Nilienda Musoma kutibiwa kikohozi, nikarudi najua kwa nini sina mtoto

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninayoandika hapa si chai, ni maisha yangu mwenyewe, na nimechoka kuyabeba peke yangu. Wa kucheka acheke tu.

Mimi ni mtu wa Bukima, Musoma Vijijini. Nilimuoa Nyangeta enzi zile za kupanga foleni ya sukari na sabuni. Tukakaa miaka bila mtoto.

Kwetu jambo la namna hiyo lilikuwa na mwenyewe tayari: mwanamke. Mama yangu alimzungusha kwa waganga mpaka huko Butiama, akanyweshwa mizizi, akachanjwa tumbo. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Mwanaume mzima, navua, nalima, nani aniulize?

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho tangu utotoni, kikohozi na makamasi yasiyoisha, masika wala kiangazi. Nyumbani walishazoea.

Ikaja miaka ya tisini, mambo ruksa, mitumba kila kona. Na ule ugonjwa nao ukaingia. Mtu mwembamba anayekohoa watu wakaanza kumkwepa. Nikaogopa. Nikapanda lori mpaka Musoma mjini, kwa daktari mmoja mzee aliyefungua kliniki yake baada ya serikali kuruhusu za private.

Mzee akaweka kipimo upande wa kushoto wa kifua. Akahamishia kulia.

Moyo wangu uko kulia, wakuu! Miaka yote hiyo sikujua.

"Unakohoaga tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, mzee."

"Una watoto wangapi?"

Nikakasirika. Nimeleta kifua, watoto wanaingiaje? Nikajibu sina. Akanipa kichupa. Aibu ya siku ile tuiache.

Akaangalia kwenye darubini muda mrefu. Mbegu zipo, nyingi tu, na ziko hai. Hakuna hata moja inayotembea.

Akanieleza taratibu. Kila chembe ya mwili ina kama mifupa yake, myembamba mno. Kwenye mkia wa mbegu ni vijiti, na vijiti hivyo vina vikono vya kuvutana, mkia ukapinda, mbegu ikaogelea. Vijiti vya aina hiyo hiyo viko kwenye vinyweleo vya njia ya hewa vinavyofagia makohozi.

"Wewe hivyo vikono havifanyi kazi. Umezaliwa hivyo. Kifuani hapafagiwi, na mbegu haziogelei. Hata moyo kukaa kulia chanzo ni hicho hicho."

Nikauliza dawa. Ya kupunguza kikohozi akanipa. Ya hiyo nyingine akasema hapa kwetu hakuna.

Nilifika nyumbani nikamkuta Nyangeta anapepeta mtama. Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo sio mimi?"

"Sio wewe."

"Siku zote hizi nilikuwaga mzima?"

Akaweka ungo chini akalia. Nilidhani ananihurumia. Hapana, alikuwa anajililia mwenyewe.

Mama akasema daktari ni mlevi. Nyangeta hakubishana naye. Mtama ulipoisha kuvunwa akaniaga vizuri, akaondoka. Aliolewa Guta, kule Bunda, akazaa. Niliwahi kumkuta sokoni na mtoto mgongoni, tukasalimiana. Iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma, ila simlaumu.

Mjinga mimi nilidhani nikisema ukweli atabaki. Kumbe ndio aliokuwa anausubiri ili aachane na sisi, apumzike.

Sikuoa tena. Bado nakohoa.

Nilichojifunza: ukiwa na kikohozi cha kuzaliwa nacho na huna mtoto, mwambie daktari yote mawili, usifiche moja. Siku hizi nasikia wapo wanaosaidiwa maabara wakapata mtoto. Kama humu kuna mwenye hali kama yangu, aandike hapo chini anaishije, nitasoma zote.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, unayesema utapima mwezi ujao: leo hii kuna mtu jikoni kwako anatukanwa badala yako.