Picha ya Ndugu Zimogorov

Glafira Nikonovna hakuwahi kuzungumza na Ndugu Zimogorov hata siku moja, lakini alimbeba begani zaidi ya miaka kumi. Yaani alibeba picha yake. Kila sikukuu ya mapinduzi kiwanda chao cha nguo kiliandamana mjini na picha za wakubwa zilizopigiliwa kwenye miti mirefu, naye alipewa hii kwa kuwa mabega anayo na mume hana.

Mwanzoni Zimogorov alikuwa katibu wa wilaya tu, akabebwa nyuma kabisa pamoja na wapiga tarumbeta walevi. Akapanda, akawa katibu wa mkoa. Glafira naye akasogezwa mbele. Zimogorov akaitwa Moscow, akaingia Kamati Kuu ya chama, akapewa misitu yote ya nchi aisimamie. Glafira akafika safu ya kwanza, na kitambaa kipya kichwani.

"Mtu wangu huyo!" alitamba jikoni. "Kapanda, nami nimepanda!"

"Tamba, shoga, tamba," alimtania Kapitolina, jirani aliyechangia naye jiko. "Mpanda ngazi hushuka."

Vuli ya mwaka 1937 paa la ghala la kiwanda zilimowekwa picha lilivuja, shavu la Zimogorov pichani likabanduka rangi, Glafira akaichukua picha nyumbani kuitengeneza. Asubuhi moja redio ya ukutani ikawataja wakubwa waliosimama jukwaani Moscow kwenye mazishi fulani. Walitajwa wote. Zimogorov hakutajwa.

Mwaka ule, mkubwa asiyetajwa alikuwa keshakamatwa. Uso ule, mkubwa kama meza, ulikuwa unamtazama kutoka kitandani. Amrudishe kiwandani? Watauliza anajua nini. Akae naye? Basi yeye ni mfuasi wa adui wa umma. Akamgeuzia ukutani, ikawa balaa zaidi, maana sasa alionekana kafichwa.

Kapitolina aliingia bila hodi, akafunga mlango.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kapa, nifanyeje mimi? Labda anaumwa tu."

"Wakubwa hawaumwi siku hizi. Mchome."

"Nimchome mtu wa Kamati Kuu!"

"Kitambaa na rangi hicho, mwanamke wee! Wakikukuta naye utamweleza nani? Lete, jiko linawaka."

Walimkata kwa mkasi, na Kapitolina ndiye aliyesukuma vipande motoni. Mti wake wakaufanya kuni. Glafira alilia kwa hofu, na kidogo alimlilia yule mtu pia, kwani kumbeba mtu miaka yote hiyo si mchezo.

Kesho yake mchana alikuja Ndugu Rybkin wa ofisi ya chama kiwandani, na mwanamume wa koti la ngozi asiyetaja jina. Kapitolina alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka hapo, anakoroga supu ya kabichi.

"Ndugu Glafira," alisema Rybkin, "tumekuja kuchukua picha ya Zimogorov. Zinakusanywa zote."

Kumbe hatukukosea! Glafira aliwaza, akajibu karibu kwa furaha: "Nimeshaichoma, ndugu! Jana asubuhi."

Rybkin akatazama chini. Yule wa koti ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa:

"Jana? Amri imetufikia leo. Jana alikuwa bado mmoja wa viongozi wa nchi. Nani alikwambia?"

Angesema redio. Lakini redio haikusema kitu, na kusikia kisichosemwa nako ni kosa.

"Nani, mama? Mtu hachomi mkubwa kwa akili yake mwenyewe."

Jikoni mwiko ulinyamaza.

"Kapitolina," Glafira alisema. Jina lilimtoka kabla hajalizuia.

Walimruhusu Kapitolina kuvaa koti kabla ya kumchukua. Hakutukana, wala hakumtazama shoga yake kwa ubaya. Mlangoni aligeuka, midomo imemgeuka myeupe, akamwambia Glafira kama mtu anayekwenda sokoni:

"Glasha, supu haijatiwa chumvi. Iangalie isiungue."

Glafira akaitia chumvi, akaiepua. Kuila hakuweza. Kuimwaga aliogopa, kwani mtu angeuliza kwa nini.