Mikono Nyuma na Gari la Kupona kwa Kutikiswa

Mafundi wenzake wamempa mume wangu jina la Mikono Nyuma. Yeye ni fundi umeme wa magari, lakini ukimletea gari linalosumbua halishiki kwanza. Analizunguka mikono ikiwa mgongoni, kama mwenye nyumba anayekagua vyumba mpangaji akihama. Nilipoolewa nilidhani ni mvivu. Kuna siku bado nadhani hivyo.

Siku moja dereva mmoja alimletea gari dogo lililomtoa jasho. Alilitumia kumpeleka mama yake hospitali kusafishwa damu. Likitaka linawaka, lisipotaka linasema "tak" moja, taa zinafifia, kimya. Walishabadilisha stata, wakabadilisha na betri. Kila fundi alifungua boneti, akatikisatikisa waya, gari likanguruma, akajipiga kifua. Zikipita siku chache, yale yale. Mama mtu akasusa: "Sipandi tena hilo. Kama ni kufa, nifie kitandani kwangu." Hakuwa akitania. Alishakosa kwenda mara moja, na miguu ilikuwa imemvimba.

Mume wangu akaliwasha, likawaka vizuri tu. Akazima, akamrudishia dereva ufunguo.

"Sasa hivi ni zima, litanidanganya. Likikataa, usifungue boneti, usiguse kitu. Nipigie simu."

Dereva akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama kando, kana kwamba ananiuliza naishije na mtu huyu.

Siku chache baadaye simu ilikuja tukiwa mezani. Tukalikuta gari langoni kwao. Mama, aliyebembelezwa mpaka akapanda, alikuwa kiti cha mbele amekunja uso. Mwanawe alikuwa amekimbilia barabarani kutafuta teksi.

"Nilisema mimi!" mama akatupokea. "Nilisema!"

Mume wangu aliinua boneti polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Akaweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme juu ya kichwa cha betri, ya pili kwenye kibano cha waya kinachokishika kichwa hicho. Vitu viwili vinavyogusana, kwa hiyo mita isingepaswa kuonyesha kitu. Mimi nikashika mita nimsomee.

"Mama, nisaidie. Nyoosha mkono uzungushe huo ufunguo."

"Mimi? Sijawahi kuwasha gari maishani mwangu."

"Na hili haliwaki, mama. Huwezi kulikosea."

Akanung'unika, akazungusha. Tak. Namba ikaruka juu hata mimi nikashtuka. Mume wangu akacheka.

"Tumemkamata. Betri ina umeme tele, unakwama hapa hapa."

Alipokifungua kibano, akatoa kipande cha bati. Kibano kilikuwa kimepanuka, fundi fulani akakijazia bati ili kibane, na kila aliyefuata akalirudisha bati la watu mahali pake. Lilikuwa limeota unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Ukitikisa waya bati linagusa kidogo, gari linawaka, fundi anasifiwa. Kumbe wote walikuwa wakitibu kwa kutikisa! Kama mume wangu naye angetia mkono siku ile ya kwanza, angesifiwa kama wenzake na mama angeachwa njiani tena. Nilijaa fahari, nasema wazi, ingawa chakula changu kilikuwa kinapoa.

Akalitupa bati, akasugua kichwa cha betri kwa msasa mpaka kikang'aa, akafunga kibano kipya alichokuja nacho na kukikaza hadi kikagoma kuzunguka.

"Haya, mama. Tena."

Gari likaitikia. Mama akalizima mwenyewe. Akawasha. Akazima. Akawasha, akiliangalia kwa jicho la pembeni, na mume wangu akasimama mikono nyuma bila kumharakisha.

Mwanawe akafika anahema, teksi nyuma yake. "Mama, shuka, teksi hii hapa!"

"Mwambie aende zake," mama akasema, huku akivuta mkanda na kujifunga. "Panda wewe, tunachelewa."