Fomu ya Mafunzo ya Magari ya Stima

Baba huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na pia, nadhani, kwa sababu mimi ndiye humjazia fomu zote. Kiingereza anakijua cha mdomo. Cha kuandika humtoa jasho kuliko kushusha injini.

Tulikuwa na mtindo wetu. Kila fomu niliijaza kwanza kwa upuzi, namsomea, anacheka mpaka anashika meza, kisha nafuta na kuandika ya maana. Ya bima ya afya, kwenye magonjwa, nilimwandikia kwamba ana mzio wa kuosha vyombo. Alicheka wiki nzima.

Yeye ni fundi wa magari. Wakati huo alikuwa mkuu wa gereji ya kampuni moja ya kusambaza dawa, yadi yao iko Muthangari, na vani zote za kampuni zilipita mikononi mwake. Aliweka bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, kama daktari, akakwambia beringi gani inakufa. Halafu wakubwa wakaamua vani zote ziwe za stima, za kuchajiwa kwa umeme badala ya petroli. Mafundi walikuwa watatu, na nafasi za mafunzo ni mbili. Atakayekosa, kazi yake itaisha vani ya mwisho ya petroli ikiuzwa. Anayetaka nafasi ajaze fomu kwenye simu kabla ya Ijumaa jioni.

Tukaijaza Alhamisi jioni, nyumbani kwetu Kinoo. Ilikuwa na maswali mawili makubwa: una ujuzi gani, na kwa nini unataka mafunzo. Nikayajaza yote mawili kwa mtindo wetu. La pili niliandika hivi: "Nataka kujua gari la stima likizima barabarani, naita fundi au naita watu wa stima? Na tokeni zikikaribia kuisha, litalia pii pii usiku kucha kama mita ya nyumba yangu?"

Baba alicheka akafuta macho. "Haya mama, sasa andika ya ukweli," akasema, akaenda kuoga.

Swali la kwanza nililiandika vizuri sana. Miaka yake yote niliiweka, na vijana aliowafundisha. Nikajipenda, nikabonyeza tuma. La pili, lenye mzaha bado, nililikumbuka kidole kikiwa bado kwenye kioo cha simu.

Ningemwambia akitoka bafuni, asubuhi yake angeenda ofisini aeleze, na siku ilikuwa bado ipo. Nilimwambia, "Imeenda." Nikajidanganya kwamba bosi atacheka. Mimi huamini kila mtu atacheka.

Walichukuliwa wale mafundi wengine wawili, vijana aliowafundisha mwenyewe. Baba alipofika nyumbani alisema tu, "Wamechukua watoto wangu," akaomba chai.

Likizo ya Aprili nilimpelekea kazini miwani aliyosahau. Yadi ilikuwa imebadilika, vani nyeupe zimepangwa ukutani zinachajiwa, nyaya kama za simu. Moja ilirudi nyuma bila sauti yoyote, Baba akiwa ameipa mgongo, akaruka kando karibu aanguke. Mlinzi akacheka. Siku nyingine ningekuwa wa kwanza kucheka.

Mmoja wa wale vijana akashuka. "Niaje, mdogo wangu. Unajua mzee wako ni msanii? Alimwandikia bosi ati gari litalia kama mita ya tokeni. Bosi akamuita, akamuuliza, mzee, unatuchezea?"

Nilimwangalia Baba. Alikuwa anapangusa miwani na kitambaa chenye oili, anaichafua zaidi.

"Niliandika," akasema. "Si ni swali?"

Akinisindikiza stejini kupanda matatu, nilishindwa kujizuia. "Baba, mbona hukusema ni mimi?"

"Ningesema nini? Kwamba fundi mkuu hujaziwa fomu na mtoto wa kidato cha tatu? Halafu wanipe kompyuta ya gari nisome?"

"Nilisahau kufuta. Nilijua siku hiyohiyo."

Akasimama. Hilo la siku hiyohiyo hakuwa analijua, nililiona likimwingia. Alivuta pumzi, akanirekebishia kola kana kwamba naenda shule.

"Panda," akasema. "Mama yako anangoja unga."

Vani ya mwisho ya petroli iliuzwa Juni. Sasa anatafuta kazi, na kazi zote zinataka fomu. Jumamosi moja nilimwona akitoa karatasi kwenye bahasha, nikavuta kiti, nikachukua kalamu. Nilikuwa nimeapa sitaandika hata neno moja la mzaha.

"Soma vitabu vyako, mama," akasema kwa upole. Akazirudisha ndani, akavaa koti, akaenda kujaziwa kule saiba, kwenye duka la kompyuta, na kijana asiyemjua.